Nyama kwa Baba, Mchuzi kwa Mtoto?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba, siku ya mshahara harufu ya nyama inasikika katika kambi yote. Ni vizuri. Lakini tazameni namna sahani zinavyogawanywa. Vipande vinne vinakwenda kwa baba, viwili kwa mgeni, na mtoto wa miaka miwili anapewa tonge la bukari lililochovywa katika mchuzi. Watu wanasema: «Baba ndiye anayeshuka chini ya udongo, yeye ndiye mwenye kuhitaji nguvu.» Sisi tunaona hesabu hiyo ni mbaya.

Nguvu ya kuinua na kusukuma inatoka zaidi katika bukari na mafuta. Nyama, samaki, mayai na maharagi vina kazi nyingine: kujenga mwili. Ndani yake mna protini, nayo protini imefanywa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Ziko 20. Mwili wa mtu mzima unajitengenezea 11. Zile 9 zinazobaki sharti zitoke katika chakula. Na mtoto anayekua, ukihesabu kilo kwa kilo, anazihitaji kuliko baba yake.

Fikirini timu ya chini ya shimo. Yuko anayetoboa jiwe, anayeweka miti, anayeendesha treni. Mmoja asipofika, wengine wanakaa bure, hata wakiwa wengi. Asidi amino ni vivyo hivyo. Katika unga wa mahindi ile iitwayo lisini ni kidogo. Maharagi yana lisini tele, lakini yamepungukiwa na metionini, ambayo mahindi yanayo. Viweke pamoja, timu imetimia. Na bado wako watu wanaoona haya kumwandalia mgeni maharagi, eti ni chakula cha gereza! Haya ya namna hiyo inaletea watoto wetu ugonjwa.

Bukari ya muhogo mtupu ni jambo lingine, kwa sababu muhogo karibu hauna protini. Mtoto aliyeachishwa ziwa mapema na kulishwa uji wa namna hiyo anaweza kupata kwashiorkor: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, hataki kucheza wala kula. Daktari Cicely Williams aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933 katika nchi inayoitwa leo Ghana. Jina ni la lugha ya Waga, maana yake ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani mdogo wake akizaliwa. Mama, mashavu yaliyovimba hivyo si unene. Mpeleke mtoto kwa munganga siku ile ile.

Tena katika nchi yetu, upande wa Kwango, munganga Trolli alieleza mwaka 1938 ugonjwa wa konzo. Muhogo mchungu una sumu, na mwili unaivunja kwa msaada wa asidi amino zenye salfa, zinazopatikana vizuri katika samaki, nyama na mayai. Mahali ambapo muhogo ulitolewa majini baada ya siku moja badala ya siku tatu, na kitoweo hakuna, watu waliamka miguu imekauka, zaidi mama na watoto. Konzo haina dawa ya kuiponya. Wenye kuharakisha muhogo ili uuzwe upesi sokoni wakumbuke hilo.

Wengine wananunua chupa za «dawa ya nguvu» zenye jina la asidi amino. Heri franga hizo ziingie katika kikapu cha maharagi, samaki wadogo wa kukauka, au vinkubala wakati wake. Vinkubala vilivyokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, ziwa liendelee, na uji uwe mzito. Loweka maharagi usiku kucha, yachemshe mpaka yalainike kabisa, yaponde, ondoa maganda, changanya na uji wa mahindi. Siku nyingine saga samaki wadogo wazima, au twanga karanga. Sombe nayo itwangwe na kuchemshwa sana kabla ya kutiwa karanga. Karanga zenye ukungu zitupwe, hata kuku wasipewe.