Mwasumini Hautaki Kiwanja, Wataka Mtu

Kila nikitaja maua barazani, jawabu huwa ni moja: nyumba za siku hizi hazina ua, huo mwasumini tuupande wapi? Jawabu hilo mimi silikubali. Marehemu mama yangu alikaa chumba kimoja Mji wa Kale, Mombasa, na mwasumini wake ulikuwa ndani ya debe la samli, kwenye roshani ipigwayo na jua la asubuhi. Alasiri huchuma matumba yangali yamefumba. Magharibi yakifumbuka, chumba kizima hunukia. Hapo hutunga vikuba vya maarusi wa mtaani kwa asumini, mrehani, kipande cha mkadi, na kilua kikipatikana.

Alipofariki niliachiwa debe lile, nami nikauua mti kwa mwaka mmoja. Wala sikuusahau, msomaji wangu. Niliupenda kupita kiasi. Asubuhi maji, jioni maji. Mifereji ilipokauka nikachota ya kisima, ambayo sisi wenyewe hatuyanywi kwa chumvi. Kumbe matundu ya chini ya debe yameziba, mizizi inaoza. Majani yakawa manjano, mimi nikadhani ni kiu, nikazidisha!

Nimeanza upya. Sasa natia kidole udongoni kwanza. Nikikuta pakavu ndipo namwagilia, na maji yatoke chini. Samadi ya mbuzi natia kidogo, iliyokwisha kuoza. Maua yakimalizika napogoa, kwani asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Nyumbani hunigombeza kwamba nakata mti wa watu, lakini usiopogolewa hurefuka bure.

Jirani yangu kapanda hibiskasi nyekundu kwenye vyungu, na kuzitunza anajua. Simlaumu, rangi zapendeza. Ila ua lake halinuki, na aghalabu lililochanua leo kesho limesinyaa, kikuba halitungiki. Na mwenye kuweza hibiskasi ya chunguni hashindwi na asumini, maana zote zataka jua, na zote hufa kwa maji yaliyotuama.

Sisi tuliousiwa na Mtume (S.A.W.) tusikatae rehani tunapopewa, leo twazinunua. Mwaka jana nilimwoza binti yangu, vikuba vikatoka sokoni, na kabla ya isha vimenyauka. Nilinyamaza, maana nalijua debe la bibi yake limefia mikononi mwa nani.

Debe jipya limetoa matumba saba wiki hii. Kikuba hayatoshi, lakini mdogo wake bado hajaposwa.