Kichwa Hakifungwi Plasta

Kijana wa bodaboda akianguka barabara ya Handeni–Korogwe na kuvunjika mguu, Misima nzima humpa pole, kwa kuwa plasta inaonekana. Aliyepata mtikisiko wa ubongo, na picha ya kichwa ikatoka safi, baada ya mwezi huitwa mvivu. Wengine husema karogwa, na fedha ya matibabu huishia kwa mganga.

Sisi wauguzi hatukubali maneno hayo. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki 2, watoto ndani ya wiki 4. Lakini wapo wanaopita miezi 3 wakiumwa kichwa, wakisahau, wakikasirishwa na kelele za nyumbani. Picha huonyesha damu iliyovujia ndani na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wenyewe haionyeshi.

Kumfungia gizani wiki nzima hakumsaidii. Apumzike siku 1 au 2, kisha atembee, afanye kazi nyepesi, aongeze kidogo kidogo. Kulima kutwa na kupanda pikipiki vingoje, maana kugonga kichwa tena kabla hajapona ni hatari. Akitapika mara kwa mara, akishikwa degedege, akilegea upande mmoja au akiamka kwa shida, mleteni hospitali usiku huohuo.