Takataka Zetu Zinakwenda Wapi?



Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja wakiwa mezani: takataka za nyumbani. Maganda ya viazi na ya ndizi, majivu, matambara, vifuko vya plastiki, betri za redio zilizokwisha nguvu: kila asubuhi mama hufagia, mtoto hubeba, na kiwanja hubaki safi. Lakini je, kilichobebwa kimekwenda wapi?

Tuungame kwanza kosa letu wenyewe. Kwa miezi kadhaa sisi na majirani zetu tulimlipa kijana mmoja aliyekuja na chukudu kuchukua takataka za mtaa. Alikuja siku aliyopenda, lakini siku ya malipo hakukosa hata mara moja. Sisi tuliridhika, kwa kuwa uzio wetu ulikuwa safi. Siku moja, baada ya mvua kubwa, tulishuka bondeni pamoja na wanafunzi, tukaona magunia yetu yamelala ndani ya kijito, mahali ambapo watu wa chini huteka maji. Tuliyatambua kwa karatasi za madaftari zilizotoka ndani yake, zenye masahihisho yetu ya wino mwekundu. Mama mmoja aliyekuwa akijaza kidumu alizitazama karatasi, akatutazama sisi, wala hakusema neno. Tuliona haya.

Kumlaumu yule kijana ni rahisi. Alitenda vibaya, ndiyo. Lakini nani alimwonyesha mahali pa kumwaga? Nani alimfuata hata siku moja? Sisi tulilipa ili uchafu uondoke mbele ya macho yetu. Hatukujali ufike wapi.

Kazi hii ina mwenyewe. Sheria ya Kongo ya tarehe 7 Oktoba 2008 imezipa komini, sekta na sheferi wajibu wa kutunza usafi wa watu wake. Teritori yetu ya Masisi ina sheferi mbili, Bahunde na Bashali, na sekta mbili, Osso-Banyungu na Katoyi. Si lazima baraza libebe takataka kwa mikono yake. Laweza kuwapa wengine kazi hiyo, kama ilivyofanyika Dar es Salaam: mwaka 1994 mji ulimpa mwenye kampuni mmoja kazi ya kusafisha sehemu ya katikati, na miaka michache baadaye ukagawa kata zake kwa makampuni na vikundi vingi vya wenyeji, vilivyolipwa ada na kila nyumba. Njia hiyo si mbaya. Lakini baraza likitoa kazi, halijatoa wajibu wake. Yalipasa kujua ni nyumba ngapi zinazohudumiwa, mara ngapi kwa juma, kwa bei gani, na hasa mzigo humwagwa wapi. Asiyeufuata mzigo mpaka mwisho wa safari yake, huyo hajasimamia kitu.

Tazameni yanayotokea mahali pasipo na usimamizi. Kule Bukavu mvua huteremsha plastiki kutoka mitaa ya milimani mpaka Ziwa Kivu; maji ya ziwa huzisukuma katika mto Ruzizi, nazo huziba mitambo ya umeme ya bwawa la kwanza la mto huo. Hivyo mfuko uliotupwa mchana huwarudia wenye mji usiku, kwa namna ya giza. Nasi tusicheke, maana maji ya upande wa Sake huingia katika ziwa lile lile.

Kampala walipata msiba mkubwa zaidi. Jaa la Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996, na malori yaliendelea kupeleka takataka za mji huko, ingawa wakuu walijua kwa miaka mingi kwamba limejaa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua nyingi, mlima ule wa takataka uliporomoka juu ya nyumba za watu waliokaa karibu. Walikufa zaidi ya 30, na watoto miongoni mwao. Mwezi wa Septemba Rais Museveni aliwaondoa kazini wakuu watatu wa mji. Lakini waliozikwa hawakurudi.

Mwingine atasema: «Sisi hatuna baraza la kuuliza.» Ni kweli kwamba tarehe 20 Desemba 2023, nchi ilipopiga kura, Masisi haikupiga kwa sababu ya vita, tena Januari 2025 Masisi-kati iliingia mikononi mwa M23. Wenye amri hubadilika, watu hukimbia na kurudi. Lakini takataka hazikimbii, na kijito hakingoji uchaguzi.

Basi tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Kwanza, maganda na majani yatiwe katika shimo la mbolea chini ya migomba. Mzigo utakaobaki ni mdogo. Pili, salongo isiishie kufagia na kuacha chungu kando ya barabara: kabla ya kushika ufagio, tupatane chungu kile kitapelekwa wapi, mbali na maji. Tatu, kila mtaa uchague watu watatu waaminifu wa kumsimamia mbebaji, na mmoja wao awe mama wa bondeni anayeteka maji, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuona kosa. Waandike siku aliyokuja, fedha alizopewa, na mahali alipomwaga. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mbele ya shefu au mkubwa mwingine yeyote, daftari lenye tarehe husema kwa adabu kuliko kelele za watu mia.

Sisi tulirudi bondeni Jumamosi iliyofuata, tukayatoa magunia yetu majini, moja moja. Yule mama alikuwapo. Safari hii alitusalimu, kisha akatuuliza: «Mwalimu, sasa mnayapeleka wapi?»

Swali hilo ndilo tunalowaachia juma hili, ninyi wazazi, nanyi wanafunzi.