Wafanyabiashara, tusiwauzie watoto raketi za mabingwa

Leo naomba tuweke kando bei ya mchele na usumbufu wa mpakani, tuzungumze habari ya raketi ya tenisi. Najua wapo watakaocheka. Tenisi, watasema, ni mchezo wa wakubwa wenye magari. Sisi wa Buterere inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu raketi wanazoshika watoto wetu huku kaskazini mwa Bujumbura mara nyingi hazikutoka dukani. Zimetoka kwenye mabelo ya mitumba, na aliyezichagua si kocha bali ni mfanyabiashara kama mimi. Na sisi wafanyabiashara huchagua kwa macho.

Mimi nilichagua vibaya, na kosa hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Kabla ya vita vya mwaka 1993 nilikuwa mtoto wa kuokota mipira katika klabu moja ya mjini. Nikakimbia, nikakulia ukimbizini mkoani Kigoma, na nikarudi nyumbani mwaka 2012 ilipofungwa kambi ya Mtabila. Kama wengi tuliorudi bila shamba, nikaingia kwenye biashara: leo Uvira kupitia Gatumba, kesho Kigoma kupitia Manyovu. Mwaka 2014 nilifungua belo la vifaa vya michezo nikakuta raketi mbili nzima. Moja nyeusi, inang'aa, uso mdogo, imeandikwa 85. Nyingine imepauka, uso mpana kama sinia, imeandikwa 110.

Jirani yangu alikuwa na binti wa miaka 12 aliyecheza na wenzake kwenye uwanja wa udongo, kamba ikiwa ndiyo wavu wao. Nikamshauri baba yake achukue ile nyeusi. "Hii ndiyo ya mabingwa," nikasema, na bei nikaipandisha. Lile sinia nikamuuzia mzee mmoja mwenye duka kwa bei ya kutupa.

Miezi mitatu baadaye binti akairudisha. "Baba mdogo, nimekuletea raketi yako," akaniambia. "Mimi sina mkono wa tenisi."

Mkono alikuwa nao. Kilichomshinda ni kile nilichomuuzia.

Hebu tuieleze namba ile. Ni ukubwa wa uso wa nyuzi kwa inchi za mraba. Raketi ya 85 ina uso wa sentimita za mraba 548 hivi; ya 110 ina kama 710. Katikati ya nyuzi kuna mahali ambapo mpira ukigonga, mkono hausikii mtikisiko na mpira unakwenda unakotumwa. Tukiite kiini. Raketi yenye uso mpana ina kiini kikubwa zaidi. Tena, fremu ikiwa pana, uzito wa pembeni unakaa mbali na mstari wa kati, hivyo mpira ukigonga kando raketi haipinduki upesi mkononi. Ni sawa na mti mrefu ulioushika katikati: ni mgumu kuuzungusha kuliko mfupi wenye uzito ule ule.

Sasa fikiria mtoto kwenye uwanja wa Buterere, ambako mpira ukidunda juu ya kokoto unaruka kando. Hata akiwa na jicho zuri, mpira utamgonga nje ya kiini mara nyingi. Kwa raketi pana bado utavuka wavu. Kwa ile ya 85 utaanguka miguuni pake, na kiwiko kitauma. Mtoto hatasema raketi ni ndogo. Atasema yeye hajui.

Wala si ajabu kwamba raketi pana ilibuniwa na mtu ambaye tenisi ilimsumbua. Howard Head, mhandisi wa Marekani, alianza kujifunza mchezo huu akiwa mtu mzima na mipira ikawa inampotea. Wakati huo raketi za mbao zilikuwa na uso wa inchi za mraba 65 hadi 70 hivi. Yeye akatengeneza ya 110 na kupata hataza mwaka 1976. Watu waliicheka. Mwaka 1978 msichana wa miaka 16, Pam Shriver, aliishika raketi hiyo akafika fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani. Kicheko kikaisha.

Lakini tuseme ukweli wote. Uso mpana nao una gharama yake. Nyuzi zake ni ndefu, hivyo zinabonyea zaidi na kuurusha mpira kwa nguvu na kwa juu. Uso mdogo una nyuzi fupi; unaupa mkono habari kamili ya mpira ulivyogonga, na mchezaji hodari huweza kuuelekeza anapotaka. Ndiyo maana wapo wanaoupenda. Na raketi za mitumba huja na nyuzi zilizolegea. Raketi pana yenye nyuzi zilizolegea ni manati: mipira yote itapita mstari wa nyuma. Dawa yake si kuitupa. Dawa ni kuzibadilisha nyuzi na kuzikaza vizuri.

Wapo watakaoniuliza: mbona Pete Sampras alitwaa mataji kwa raketi ya 85? Ni kweli. Lakini Sampras aligonga kiinini karibu kila mara, baada ya miaka mingi ya mazoezi. Na si mabingwa wote walifuata njia yake. Andre Agassi na Serena Williams walitamba kwa nyuso pana. Roger Federer mwenyewe alishikilia ya 90 kwa miaka mingi, kisha mwaka 2014 akahamia ya 97. Mwaka 2017, akiwa na miaka 35, akatwaa Australia na Wimbledon. Ikiwa Federer alikubali kuongeza inchi saba, mtoto wa Buterere anakatazwa na nani?

Wengine watanitupia methali: mchagua jembe si mkulima. Sawa. Lakini ni mzazi gani anayempa mtoto jembe la mpini wa baba yake, kisha akimwona ameshindwa kulima akamwita mvivu?

Kwa hiyo, wenzangu wa mabelo, nawaomba mambo machache. Kwanza, tuisome namba kabla ya kutaja bei. Huandikwa kwenye fremu, mara nyingi karibu na shingo. Kama imefutika, pima urefu na upana wa eneo la nyuzi kwa sentimita, zidisha, kisha zidisha tena kwa 0.785 na ugawe kwa 6.45. Eneo la 34 kwa 26 litakupa karibu 108. Pili, anayejifunza apewe kati ya 100 na 110. Za chini ya 95 tuwaachie wanaojua wanachotafuta. Tatu, watoto wadogo wapewe raketi fupi. Tangu mwaka 2012 shirikisho la tenisi la dunia linataka mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini yachezwe kwa mipira ya polepole, maana mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo.

Burundi imeshamtoa Sada Nahimana, aliyezaliwa mwaka 2001 na kufika kwenye tenisi ya kulipwa. Hatujui ni wangapi wangemfuata kama mkononi mwao kungekuwa na kifaa kinachowafaa.

Mimi nilirudi kwa yule mzee mwenye duka nikalinunua tena lile sinia, kwa bei mara mbili ya ile niliyomuuzia. Nikalifunga nyuzi mpya na kulipeleka kwa jirani bila malipo. Binti hakulishika. Mdogo wake ndiye anayecheza nalo, na mipira inarudi. Dada yake hukaa pembeni ya uwanja akiwahesabia pointi.

Faida niliyoipata kwenye ile raketi nyeusi ilikuwa faranga chache tu. Tusirudie biashara ya namna hiyo.