Saa Mpya Itatoka Lini? Sisi wa Mtumba Ndio Tunaopaswa Kuuliza

Desa limejaa mezani na kazi ya kikundi inanisubiri (kikundi cha watu saba, wanaofanya ni wawili, mnajua wenyewe), lakini kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima, ngoja niliteme.

Kila mwaka ukifika katikati, ubishi wa Apple Watch mpya unaanza. Itatoka lini? Septemba? Itachelewa? Safari hii itakuwa na nini? Na kila ubishi ukikolea, hakosi kutokea mwenye busara zake: "Jamani, hata hela ya ubwabwa hamna, tarehe ya saa ya Wamarekani inawahusu nini?" Watu wanacheka, mada inafungwa.

Mimi nasema inatuhusu. Tena inatuhusu sisi kuliko yule anayenunua mpya siku ya kwanza. Mwenye hela akikosea tarehe, hana hasara, mwezi ujao ananunua nyingine. Anayeumia ni mimi na wewe, tunaonunua toleo la miaka mitatu nyuma, mara moja, baada ya kula wali maharage muhula mzima. Kwetu sisi wiki sita za kukosea zinaweza kuwa ndiyo tofauti ya kupata kitu na kupigwa.

Hebu tazama ratiba yetu sisi wa Elimu. Mazoezi ya kufundisha yanaangukia likizo ndefu, kuanzia Julai hivi. Hela ya mazoezi inaingia (ikiingia), na hapo hapo mtu anakumbuka kwamba mwalimu anahitaji saa. Na kweli anahitaji. Kipindi ni dakika 40, na kutoa simu mfukoni mbele ya kidato cha pili kuangalia muda ni kujivunjia heshima mwenyewe, hasa mkaguzi akiwa amekaa nyuma. Basi mtu anashuka Kariakoo mwezi wa saba, anakutana na winga, anauziwa Apple Watch ya mtumba kwa bei iliyochangamka. Mwezi wa tisa mpya inatoka, na ile aliyoinunua inaanza kushuka bei akiwa bado anasahihisha madaftari kijijini.

Kwa hiyo tubashiri, lakini tubashiri kwa akili.

Tarehe yenyewe wala si siri kubwa. Saa ya kwanza ilionyeshwa tarehe 9 Septemba 2014, ikaanza kuuzwa 24 Aprili 2015. Tangu 2016 hadi 2025, miaka kumi mfululizo, kila mwaka kumekuwa na toleo jipya, na kila mwaka limetangazwa Septemba. Nimeziorodhesha tarehe: 7, 12, 12, 10, 15, 14, 7, 12, 9, 9. Hakuna iliyotangulia tarehe 7 wala iliyovuka tarehe 15. Hata 2020, mwaka wa korona, iPhone ilipochelewa hadi Oktoba, saa ilitangazwa Septemba kama kawaida yake. Kitu kingine: zote zimeangukia baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, ambayo kwao ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Wanaacha watu wamalize mapumziko kwanza, halafu wanaita waandishi wa habari. Miaka ya karibuni mwaliko umetoka wiki mbili kabla, na saa zenyewe zinaingia madukani Ijumaa ya wiki inayofuata au hapo hapo karibu.

Sababu ipo. Saa hii ni mke wa ndoa wa iPhone, bila iPhone huwezi hata kuianzisha. Kwa hiyo inatangazwa nayo, na zote mbili zinakuwa tayari zimejaa madukani kabla ya manunuzi ya Krismasi. Kampuni haiwezi kuamka tu na kuamua kuitoa Machi.

Mwaka mmoja tu ndio umetuchanganya, nao ni 2021. Series 7 ilitangazwa 14 Septemba, lakini kukawa na habari za matatizo ya utengenezaji, ikaanza kuuzwa 15 Oktoba. Mwezi mzima baadaye. Kwa hiyo kutangazwa ni kitu kimoja, kuuzwa ni kingine, na wa mtumba tunapaswa kuhesabu kuanzia kuuzwa, maana mtu hauzi saa yake ya zamani kabla mpya haijafika mkononi.

Samsung nao wana mwezi wao. Zamani ilikuwa Agosti, sasa wamesogea Julai: 26 Julai 2023, 10 Julai 2024, 9 Julai 2025. Kampuni yenye mazoea unaweza kuibashiria. Isiyo na mazoea, kaa nayo mbali. Kumbukeni saa ya Google. Mwaka 2018 dunia nzima ya watu wa vifaa iliapa kwamba Pixel Watch inakuja. Google wenyewe wakasema mwaka huo hakuna saa. Ikaja kutoka Oktoba 2022. Kama kuna aliyekaa na hela yake kibubuni akiisubiri ile tetesi, basi alianza kidato cha tano na kukaribia kuhitimu digrii akiwa anasubiri.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wabishi wenzangu wa bwenini. Wao wanachanganya tetesi za aina mbili. Tetesi za tarehe, kwa kampuni yenye mazoea, ni kama kubashiri masika, unaweza kukosea wiki, hukosei msimu. Tetesi za kitakachokuwemo ndani ni ramli. Mwaka huo huo wa 2021 zilisambaa picha za kuchora zikionyesha Series 7 yenye kingo zilizonyooka kama iPhone. Watu wakaziamini kama wameishika mkononi. Saa ikatoka na mviringo wake ule ule.

Hiyo ya kingo ni ya kucheka tu. Ya sukari siyo ya kucheka. Tangu 2017 vyombo vya habari vya Marekani vimeripoti kwamba Apple wana kikundi kinachotafuta njia ya kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Kila mwaka tetesi inarudi: safari hii ndiyo yenyewe. Kuna dada mmoja tunasoma naye, mama yake ana kisukari, anatobolewa kidole kila siku. Mwaka jana alituambia anaweka akiba ili amnunulie mama saa "ile inayokuja ya kupima sukari". Na kwa sababu saa ipo njiani, akawa anasitasita kununua kile kipimo cha kawaida cha nyumbani pamoja na vijiti vyake. Nilimwambia pale pale, dada yangu, nunua vijiti. Mama hapimwi kwa tetesi.

Na si maneno yangu. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi kwamba haijaidhinisha saa janja wala pete janja yoyote kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na kwamba anayetegemea vifaa hivyo anaweza kukosea dozi ya dawa akapata madhara makubwa. Saa inaweza kuonyesha namba zilizotumwa na kifaa kingine kilichochomekwa kwenye ngozi, lakini hapo kinachopima ni kile kifaa, saa ni ubao wa matangazo tu. Ukikutana na saa mtaani inauzwa bei ya chipsi kuku na muuzaji anakuapia inapima sukari, jua unapigwa, na safari hii unapigwa afya.

Kingine kinachowapita wengi ni kwamba kikitangazwa kitu kipya, si lazima uwe na saa mpya. Septemba 2025 kilikuja kile cha kutahadharisha kuhusu shinikizo la damu. Watu wakakimbilia kuulizia bei ya Series 11. Ukisoma taratibu, kilikuja pia kwa Series 9 na Series 10 kupitia apdeti. Tena hakikupi namba kama mashine ya zahanati, kinaangalia mwenendo wako kwa siku 30 halafu kinakwambia nenda ukapime. Aliyekuwa na Series 9 ya mtumba alikipata bure, amelala.

Sasa nije kwenye hoja iliyonifanya niandike. Wote tunakodolea macho Septemba, lakini mwezi wa mnunuzi wa mtumba ni Juni.

Kila Juni Apple wanafanya mkutano wao wa watengeneza programu. Huko ndiko wanakotangaza toleo jipya la programu inayoendesha saa, na pamoja nalo orodha ya saa zitakazolipata. Ambayo haimo kwenye orodha, imeachwa stendi. Tarehe 6 Juni 2022 Series 3 iliachwa. Saa hiyo ilikuwa ya 2017, utasema sawa, imezeeka. Lakini kampuni yenyewe iliendelea kuiuza mpya kwa dola 199 hadi Septemba mwaka ule! Yaani mtu alinunua dukani, ndani ya boksi, kitu ambacho tayari kilikuwa kimetangazwa kwamba hakiendelei. Juni 2024 zikaachwa tatu kwa mpigo: Series 4, Series 5 na SE ya kwanza. SE ile iliacha kuuzwa Septemba 2022. Aliyeinunua mpya Agosti 2022 alipata chini ya miaka miwili.

Kama wanunuzi wa mpya yaliwakuta hayo, sisi je? Saa iliyoachwa haifi siku hiyo, nakubali. Itaonyesha muda, itahesabu hatua zako kutoka bwenini hadi ukumbi wa mihadhara. Lakini vipya haipati tena, na ukitaka kuiuza kila winga anajua imeachwa isipokuwa wewe. Mwezi wa saba, pale pale unapopokea hela ya mazoezi, ndipo soko linapojaa saa zilizoachwa mwezi wa sita. Muuzaji amesoma orodha. Wewe hujasoma. Anakwambia "mpya kabisa hii, mkuu, haina hata mkwaruzo", na ni kweli haina.

Na bei je? Tangu Series 4 ya 2018 hadi Series 11 ya 2025, bei ya kuanzia ya saa mpya Marekani imebaki dola 399. Maana yake mpya inakuja kukalia kiti kile kile, na ya zamani inalazimika kushuka ngazi moja. Ingekuwa mpya inapanda bei kila mwaka, ya zamani ingeweza kushikilia pale ilipo. Kwa utaratibu huu haiwezi. Kwa hiyo anayesubiri hadi Oktoba anasukumiwa bei chini na kampuni yenyewe bila kugombana na mtu.

Kwa hesabu hizo, ushauri wangu kwa wana wenzangu wa Elimu ni huu. Juni, soma orodha ya saa zinazoendelea, dakika tano tu zinatosha. Toa zilizoachwa, toa na zile zilizo ukingoni. Julai usinunue, hata winga akikuita mwalimu mkuu. Kwa mazoezi ya kufundisha vaa saa ya kawaida ya mishale, dakika 40 ni dakika 40 kwenye saa yoyote. Septemba acha wenye nazo wagombanie mpya. Oktoba mwishoni shuka sokoni. Na kabla hujatoa hata shilingi, mwambie muuzaji aifungue saa kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani na aiunganishe na iPhone yako ukiwa umesimama pale pale. Ikigoma, ina mwenyewe huyo, rudisha hela mfukoni uondoke zako.

Mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza, "Sasa kaka, kwa saa ya mwaka 2026 unasemaje?" Nasema bila kuuma maneno: mambo yakienda kwa mazoea, ni siku chache baada ya Jumatatu ya tarehe 7 Septemba 2026. Jumanne tarehe 8 au Jumatano tarehe 9, ndipo nilipoweka soda yangu. Itakuwa na nini ndani, msiniulize, mimi si mganga.

Mwenye hoja tofauti aje nayo, mwenye matusi akapige deki kwanza. Narudi kwenye kazi ya kikundi.

Tupo pamoja.