“Yatang'oka Tu” Si Jibu

Chekereni, kama kwingine uwanda wa chini wa Moshi, mzazi akiona shimo jeusi kwenye jino la mtoto wa miaka mitatu hujituliza: yatang'oka tu, yataota mengine. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli, ndiyo maana haifi. Meno ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka sita hivi, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka kumi, hata kumi na miwili. Mtoto ambaye gego lake limetoboka akiwa na miaka mitatu atamaliza karibu shule yote ya msingi nalo. Usaha ukifika kwenye mzizi unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalojengeka chini yake; likitolewa mapema, meno jirani husogea, na la ukubwani likija huota kombo. Tena gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya yote kwenye miaka sita, bila jino lolote kulipisha. Wazazi hulidhani la utoto na kulingojea ling'oke, kumbe halina mrithi.

Hapa Kilimanjaro iko hoja nyingine ya kutompeleka mtoto mdogo kuchunguzwa meno, nayo ni nzito zaidi: meno yetu yanaharibiwa na maji, daktari atafanya nini? Ni kweli kwamba vyanzo vingi vya ukanda huu, hasa kuelekea Meru, vina floraidi nyingi kuliko kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na magadi ya kulainishia maharage na kiburu huongeza. Lakini meno ya kahawia na meno yaliyooza ni matatizo mawili. Floraidi iliyozidi huliathiri jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya. Kuoza huja jino likishaota, bakteria wanapogeuza sukari kuwa asidi, na jino la kahawia haliepuki. Mkanganyiko uko mwanzoni: dalili ya kwanza ya kuoza ni baka jeupe kwenye ukingo wa ufizi, na floraidi nayo huacha mabaka meupe. Kuyatofautisha kunataka jicho lililofundishwa, na baka la kuoza likigunduliwa hapo bado linaweza kurudishwa nyuma bila kuchimba wala kung'oa. Kwa hiyo penye maji ya namna hii uchunguzi unahitajika zaidi, si kidogo. Dawa ya meno yenye floraidi haiachwi, inapimwa. Kwa aliye chini ya miaka mitatu ni kiasi cha punje ya mchele, kipimo kisichohitaji maelezo katika kijiji cha skimu ya mpunga.

Wapo watakaosema wazee walikuwa na meno imara bila kliniki yoyote. Wazee hao utotoni hawakulazwa na chupa ya uji wenye sukari mdomoni, wala hawakununuliwa biskuti na juisi kila walipolia. Na si kweli kwamba hatuangalii vinywa vya watoto; tatizo ni tunachokitafuta humo. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, wapo wanaompeleka kwa mtu wa kumchimba “meno ya plastiki”, yaani vichipukizi vya meno vyenye afya kabisa.

Inabaki hoja ya gharama: daktari wa meno yuko hospitali ya Mawenzi au KCMC, mjini Moshi, na nauli ni nauli. Lakini uchunguzi wa kwanza haumhitaji yeye. Mtoto mdogo tayari hupelekwa zahanati kupimwa uzito, na hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9 na 18. Hapo ndipo muuguzi angetazama meno, kisha ampe rufaa mwenye dalili tu. Matibabu nayo si ya kifahari: njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuliziba, bila mashine wala umeme, ilianzishwa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 2021 saruji ya kuzibia pamoja na dawa ya floraidi yenye madini ya fedha, inayosimamisha kuoza, ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kutazama peke yake hakuzuii kitu, nakubali. Kunazuia pale mama anapoambiwa siku hiyohiyo aondoe chupa ya usiku na aanze mswaki. Foleni ya mizani ni ndefu na wauguzi wana haki ya kulalamika, ila kuinua mdomo wa juu kwa kidole hakumalizi dakika, na mtoto tayari yuko mbele yao.