Kijivu cha Nani?

Mama alipoingia sebuleni kwake baada ya fundi kuondoka, aliugusa ukuta, akanipigia simu na kuuliza: "Mwanangu, kwani hela ya rangi iliisha?"

Haikuisha. Ile ndiyo ilikuwa rangi yenyewe: kijivu kilichokolea, karibu na makaa, nilichokichagua kwenye simu nikiwa chuoni, nikakilipia kwa akiba ya posho yangu, nikamtumia fundi picha Nyakasimbi. Lakini kwa mama ukuta wa kijivu ni lipu inayosubiri rangi. Ni nyumba ya mtu aliyeishiwa. Alikaa na lipu miaka, na siku nilipompa rangi nikamrudishia ile ile.

Nisizunguke. Huu mtindo wa sebule za kijivu kilichokolea, tunaoupeleka vijijini sisi tuliosoma, ni kuiga kusiko na macho.

Tazama nyumba zinazotutamanisha mitandaoni. Upande mzima ni kioo, darini kuna taa zisizohesabika, na humoni hakuna mtu anayefanya kazi yoyote. Sasa tazama ya kwetu. Imekaa katikati ya kibanja, migomba imeifuata hadi upenuni. Dirisha ni dogo, lina nondo na pazia. Taa ni moja, na inategemea salio la LUKU. Ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoufikia. Kijivu kilichokolea huumeza. Saa kumi jioni, mvua ikijikusanya, sebule ya mama ni usiku tayari. Maharage anachambulia barazani. Mjukuu wake anaandikia huko huko kazi za shule, daftari magotini.

Najua mtakalonijibu: giza si geni kwetu, hata msonge ulikuwa mweusi ndani. Kweli. Ila weusi ule uliletwa na moshi wa jiko, na moshi ulisaidia kulinda nyasi za paa dhidi ya wadudu. Ulikuwa na kazi. Na ng'ambo ya mto Kagera, huko Kirehe, Rwanda, wanawake walipamba kuta za ndani kwa imigongo, michoro ya kuinuka inayofinyangwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Nyeusi waliitumia sana, lakini waliiweka kando ya nyeupe na nyekundu, kila moja ikaichangamsha mwenzake. Walijua wanapamba nyumba ya nani, kwa sababu walikuwa wakiishi humo.

Mimi nilijua nini? Niliiuliza simu kabla ya kumuuliza mwenye nyumba. Mama alikulia kwenye nyumba ya moshi. Bati, saruji na dirisha la vioo alivitafuta kwa kahawa, msimu baada ya msimu, ili aweze kuona ndani ya nyumba yake mchana. Giza alilolikimbia nusu ya maisha yake nikamrejeshea kwa ndoo mbili, tena nikitegemea shukrani.

Likizo hii nimerudi, nikamwita fundi yule yule. Safari hii nilimuuliza mama anataka rangi gani. Hakufikiri hata kidogo: "Ya maziwa."

Imebidi ipakwe mara tatu ndipo kijivu changu kikafunikwa.